Vidonge vya kuzuia homoni kwa ajili ya kiwaraza: nianze kabla ya ndoa?

Kijana wa Kihonda (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 27, ni mwalimu wa fizikia hapa Morogoro, na Mungu akijalia mwezi wa kumi na mbili nafunga ndoa. Nakuja kwenu na jambo ambalo sijamwambia mtu.

Nywele zinanikimbia. Zilianza pembeni mwa paji la uso, kulia na kushoto, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Sasa na utosini pamekuwa pepesi, jua la saa saba nalisikia moja kwa moja kwenye ngozi, na pana sehemu inaniwasha. Kinyozi wangu ananinyoa tangu niko kidato cha nne. Jumamosi iliyopita alizima mashine, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuzia kwenye taa, akasema, "Mwalimu, hapa sasa tunyoe zote tu." Nikalipa, nikaondoka bila kuaga. Kaka yangu mkubwa alikuwa na upara kamili alipofika miaka 31, na wajomba zangu watatu ni hivyo hivyo, kwa hiyo ninakoelekea nakujua.

Nimepaka maji ya vitunguu miezi mitatu. Nimepaka mafuta ya habasoda, nimepaka ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Hakuna kilichobadilika. Rafiki yangu anayeuza duka la dawa akaniambia vipo vidonge vya tezi dume vinaitwa finasteridi, wanaume wanavikata vipande vinne na kumeza kipande kimoja kwa siku kuzuia upara. Ameniuzia vidonge kumi vya miligramu 5. Viko kwenye droo chini ya karatasi za mitihani, sijavifungua.

Nasikia vinazuia homoni. Homoni gani? Mwanaume akizuiwa homoni zake anabaki na nini? Watoto nitapata? Vinamezwa muda gani mpaka mtu apone? Na la mwisho, ambalo ndilo linaninyima usingizi: naweza kuvitumia bila mchumba wangu kujua? Naomba anijibu mtu aliyepitia.

Fundi Baba Nasra

Mwalimu, hilo swali lako la mwisho nimelisoma mara mbili, kisha nikaacha cherehani nikae nikujibu. Mimi ni fundi wa suti, niko Tandika, Dar. Nina miaka 39. Vidonge hivyo nilianza nikiwa na 33.

Kazi yangu ni ya kuinama. Ukipima suruali unapiga goti mbele ya mteja, futikamba mkononi, naye amesimama juu yako anautazama utosi wako mpaka umalize. Dukani nina kioo kirefu, na kwenye kioo nilikuwa namwona anavyoutazama. Nikaanza kuvaa kofia. Kisha nikaanza kumtuma kijana wangu wa kazi apime yeye, mimi nasimama pembeni naandika namba. Miaka miwili sikupima suruali ya mtu kwa mkono wangu, na kupima ndiyo nusu ya ufundi. Kwa hiyo atakayekuambia hapa kwamba nywele ni jambo dogo, msikilize kwa adabu, lakini usijilaumu kwa kuumia.

Nilianza kama unavyotaka kuanza wewe. Kwa siri, bila daktari, kidonge cha tezi dume vipande vinne. Nilikuwa nakata usiku, kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, kwa wembe ule ule wa kufumulia nyuzi. Kidonge changu kilikuwa na ganda la bluu, ndani cheupe. Ukikikandamiza wembe hakikatiki sawa. Kinapasuka, kipande kimoja kinarukia sakafuni, kingine kinasagika, na unga unabaki mezani. Usiku mmoja nilikuwa nimetandaza kitambaa cheusi cha koti, na ule unga ukakaa juu yake kama chaki. Nikaupuliza, nikaenda kulala.

Asubuhi mke wangu akakaa pale kunisaidia kushona pindo za suruali. Akachukua uzi uliolala juu ya kitambaa, akaulamba ncha ili autunge kwenye sindano. Akakunja uso. "Baba Nasra, uzi huu una nini? Mchungu."

Alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Sikujibu kitu. Nilikwenda chooni na lile boksi, nikaikunjua ile karatasi ya maelezo ambayo kwa miezi minane nilikuwa naitupa. Imeandikwa wazi: mwanamke mwenye mimba, au anayeweza kuwa na mimba, asishike kidonge kilichovunjika wala kilichosagika, kwa sababu dawa inaweza kumwingia na kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Lile ganda lipo kwa kazi hiyo. Kidonge kizima akikishika hakimdhuru. Mimi nilikuwa nalivunja kila baada ya siku nne, kwenye meza anayofuta yeye.

Usiku ule nilimweleza. Hakuuliza habari za nywele hata kidogo. Aliuliza, "Miezi minane?" akageukia ukutani. Siku mbili baadaye tulikwenda pamoja kwa daktari wa ngozi, mama mmoja mtu mzima, na yeye ndiye aliyenifundisha hiki ninachokueleza sasa. Alivyofundisha sitasahau.

Alisema mwili wa mwanaume unatengeneza testosteroni, wewe unaijua. Lakini kipo kimeng'enya kinachoichukua testosteroni na kuigeuza kitu kikali zaidi, dihidrotestosteroni, wao wanaita DHT kwa kifupi. Dawa hii haiigusi testosteroni yenyewe. Inakizuia kile kimeng'enya, na testosteroni ya kwenye damu hata hupanda kidogo. Basi jibu la swali lako la "anabaki na nini" ni hilo: kinachoshuka ni DHT, na kwa finasteridi hushuka kwenye damu kwa kama asilimia 70.

Kisha akatusimulia habari ya kijiji kimoja kule Jamhuri ya Dominika, kinaitwa Salinas. Mwaka 1974 daktari wa Marekani, Julianne Imperato-McGinley, na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya familia za huko. Kulikuwa na watoto waliozaliwa wakionekana ni wasichana, wakalelewa kama wasichana, wakapewa majina ya kike. Walipofika kubalehe sauti zikawa nzito, misuli ikajaa, na maumbile ya kiume yakajitokeza. Wenyeji hawakushangaa, walikuwa na jina lao kabisa la watoto hao, guevedoces. Ni wavulana tangu mwanzo, ila kile kimeng'enya kiliwapungukia kwa kuzaliwa. Testosteroni walikuwa nayo, DHT ilikuwa kidogo mno. Walipokuwa watu wazima ikaonekana tezi dume zao zimebaki ndogo, na nywele za mbele hazirudi nyuma. Kampuni ya Merck ilipozipata habari hizo ikajiuliza kama kidonge kinaweza kumfanyia mzee mwenye tezi dume kile ambacho maumbile yaliwafanyia watu wa Salinas. Ndiyo finasteridi hiyo. Marekani iliidhinishwa kwa tezi dume mwaka 1992 kwa jina la Proscar, miligramu 5, na kwa upara mwaka 1997 kwa jina la Propecia, miligramu 1.

Daktari akaweka kidole mezani, akasema, "Kimeng'enya ni hicho hicho kimoja. Baba kinamla nywele. Mtoto wa kiume tumboni ndicho kinachomchonga." Mke wangu akaniangalia. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Daktari alisema chembe iliyoonjwa mara moja haimpi hofu kubwa, lakini ahadi hakutupa, na mimi sikumwomba. Niliacha dawa siku ile. Miezi sita nilikaa na jambo lile kifuani, usiku naamka namtazama alivyolala. Alizaliwa mvulana, mzima kabisa. Mkunga alimfunua akanionyesha kabla sijafungua mdomo.

Sasa maswali yako mengine. Kupona hakuna. Shina la unywele lenye asili ya kudhurika na DHT linakonda mzunguko hadi mzunguko, unywele unaota mwembamba na kuanguka mapema, mwishowe unabaki malaika tu, yaani kinyweleo laini. Ukiizuia DHT, shina lililokonda laweza kunenepa tena, na lililo zima linabaki zima. Lililokufa halirudi. Mimi utosini paliziba vizuri, mbele hapakurudi hata nusu inchi, pamesimama pale pale. Na unachokipata ni cha muda unaomeza. Nilipoacha kwa ajili ya ile mimba, ndani ya miezi sita kila nilichokuwa nimekipata kikapotea, kama kwamba sikuwahi kumeza. Nilianza upya mtoto alipozaliwa, safari hii kwa cheti cha daktari, vidonge vya miligramu 1 vizima, visivyokatwa. Naviweka kwenye kopo lenye kifuniko, kabatini juu, na mke wangu anajua lilipo.

Uvumilivu unahitajika. Miezi minne ya kwanza sikuona kitu. Njia yangu ni hii: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nanyolewa kwa mashine namba mbili, kisha Nasra ananipiga picha ya utosi pale pale karibu na dirisha la dukani, saa nne asubuhi. Kioo cha kila siku kitakudanganya, leo kitakupa moyo na kesho kitakuvunja. Ni picha ya mwezi wa tisa nikiiweka kando ya ile ya kwanza ndiyo iliyonionyesha.

Na kumficha mchumba, mwalimu, usimfiche. Nilidhani namwepusha mke wangu na jambo langu dogo la aibu. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anaishi kwenye unga wa dawa yangu bila kujua, na kama angejua asingeulamba ule uzi.

Abu Swaleh, Likoni

Salaam kwenu. Fundi amesema kweli, na mimi naongeza upande wangu kwa sababu si wote hii dawa inawakubali.

Mimi daktari aliniandikia, miligramu 1, kila kitu kwa utaratibu. Miezi mitatu sikuwa na shida. Mwezi wa nne hamu ya ndoa ikanitoka. Sisemi ilipungua, naisema ilivyokuwa: ilinitoka. Nalala kando ya bibi yangu kama nimelala kando ya ndugu. Nikajiambia ni uchovu, maana nilikuwa nafanya kazi za usiku bandarini. Kisha nikaingiwa na huzuni isiyo na sababu. Naketi ferini asubuhi narudi nyumbani, watu wanaongea, watoto wa shule wanacheka, na mimi naona yote haya yana faida gani. Mimi si mtu wa hivyo. Sijawahi kuwa.

Aliyeliona ni bibi yangu. Alikuwa anajua natumia dawa, basi akauliza, "Hii yako yaanza lini? Si toka zile tembe?" Tukahesabu miezi pamoja, ikalingana. Nikarudi kwa daktari, akaniachisha siku hiyo hiyo na akataka kuniona kila wiki mbili. Hamu ilirudi taratibu, kama miezi miwili hivi. Ile huzuni ilichelewa zaidi kidogo lakini nayo ikaondoka, alhamdulillahi. Nywele nimeziacha ziende. Sasa nanyoa kwa wembe kila Ijumaa.

Kijana, kama ushawahi kuwa na msongo wa mawazo, au kwenu kuna ugonjwa huo, mwambie daktari kabla hujaanza. Na awepo mtu wa kukutazama kwa nje, kwa sababu ile huzuni ukiwa ndani yake huijui kuwa ni dawa. Unaona ni wewe.

Mzee wa Pasua

Wanangu, nimesoma yote. Mimi nina miaka 68, niko Moshi, nameza finasteridi ya miligramu 5 kwa ajili ya tezi dume, mwaka wa nne huu. Nywele zangu si habari tena, lakini kuna jambo moja la kipimo ambalo ninyi wa nywele mnapaswa kulijua, maana mtazeeka nayo.

Mwaka juzi palikuwa na upimaji wa bure wa tezi dume. Nikatoa damu, wakapima PSA, ile protini ya tezi dume inayopimwa kutafuta dalili za saratani, ikasoma 3.1. Kijana wa pale akaniambia, mzee uko salama, iko chini ya 4. Nikarudi nimefurahi. Binti yangu ni muuguzi. Alipoiona karatasi akauliza, "Baba, uliwaambia unameza nini?" Sikuwaambia. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikuona dawa ya mkojo inahusika vipi.

Kumbe dawa hii inaishusha hiyo PSA kwa kama nusu. Mtu aliyeitumia miezi sita na zaidi, namba yake inazidishwa mara mbili ndipo isomwe. 3.1 yangu ilikuwa 6.2. Nikapelekwa kwa vipimo zaidi, na namshukuru Mungu nikakutwa sina saratani. Lakini ningekuwa nayo, ile karatasi ingenifungia mlango kwa furaha. Binti yangu anasema hata kidonge kidogo cha nywele kinaishusha vile vile. Sasa nimeandika jina la dawa na tarehe niliyoanza nyuma ya kadi yangu ya kliniki, kwa kalamu ya wino.

Dada wa Dirishani

Habari zenu kaka zangu, na shikamoo mzee. Mimi ni mfamasia, nakaa dirisha la dawa hospitali moja Dodoma, na wanaume wanaokuja na swali hili kwa sauti ya chini ni wengi kuliko mnavyofikiri. Wengi wameshaanza wenyewe, kama fundi.

Mwalimu, kwanza kabisa hakikisha ni upara wa kurithi. Ulisema utosini panawasha. Upara wa homoni hauwashi, hautoi magamba, hauachi mabaka ya duara. Vikiwepo hivyo yaweza kuwa mapunye, au ngozi ina uvimbe unaoua mashina ya nywele na kuacha kovu, na finasteridi haigusi hata kimoja. Moshi pale hospitali ya KCMC ndipo kituo cha kanda cha kufundisha madaktari wa ngozi, kwa hiyo wataalamu waliosomea kazi hii wapo nchini. Na habari ya wajomba ni nusu ya ukweli: jeni moja kubwa ya upara inakuja kwa upande wa mama, lakini nyingine nyingi zinatoka pande zote mbili. Mtazame na baba yako.

Madhara kwenye tendo la ndoa ni ya kweli. Katika tafiti zilizofungulia njia kidonge cha miligramu 1, kwa wanaume wa miaka 18 hadi 41, mwaka wa kwanza waliopata tatizo la hamu, nguvu au kutoa manii walikuwa asilimia 3.8, na kwa waliomeza kidonge kisicho na dawa walikuwa 2.1. Wengi waliomeza hawakupata shida hiyo. Lakini Abu Swaleh ni mtu mzima mmoja, hawezi kuwa asilimia 3.8, kwake ilikuwa yote. Ongeza na hili: tangu mwaka 2012 Marekani walitaka karatasi ya maelezo iseme kwamba kwa baadhi ya wanaume matatizo hayo yameendelea hata baada ya kuacha. Mwaka 2022 wakaongeza mawazo ya kujiua kwenye maelezo ya kidonge cha nywele. Uingereza mwaka 2024 wakaanzisha kadi ya tahadhari ya kumpa mgonjwa pamoja na dawa, na mwaka 2025 wakaguzi wa dawa wa Ulaya wakathibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni dhara la finasteridi, na ripoti nyingi zilitoka kwa watumiaji wa miligramu 1. Kwa hiyo alichokieleza kaka yetu wa Likoni kinajulikana, na hakuna sababu ya mtu kukivumilia peke yake. Ukiona uvimbe au maumivu kwenye titi nayo usikae nayo, njoo.

Faida yake pia niiseme kwa haki. Katika tafiti hizo, kwa wenye upara wa utosini walihesabu nywele kwenye duara moja dogo la utosini, na baada ya miaka miwili wanaume 83 katika kila 100 waliomeza dawa hawakuwa wamepungukiwa na nywele pale. Kwa wasiomeza walikuwa 28.

Watoto: wengi wanapata. Kuna wachache ambao mbegu zao zilishuka ubora wakiwa kwenye dawa na zikarudi walipoacha, kwa hiyo mkitafuta mtoto na mkachelewa, mtaje dawa hii kwa daktari. Kiasi kinachopita kwenye manii ni kidogo sana, lakini mke akishika mimba mwambieni daktari wenu awaongoze.

Utasikia na dutasteridi, dukani inaitwa Avodart. Kile kimeng'enya kina aina mbili, na hiyo inazizuia zote, inashusha DHT kwa zaidi ya asilimia 90. Korea Kusini na Japani wameiruhusu kwa nywele, Marekani ni kwa tezi dume tu. Finasteridi nusu yake inatoka kwenye damu kwa saa tano au sita. Dutasteridi nusu yake inachukua kama wiki tano. Maana yake ni kwamba dhara likikupata leo ukaacha leo, dawa inabaki nawe miezi. Kwa kijana wa miaka 27 anayesubiri ndoa, mimi nisingeanzia huko. Na anayemeza mojawapo ya dawa hizi mbili asitoe damu kwa haraka, kwa sababu damu yako hujui itaingia kwa mama gani mjamzito. Msalaba Mwekundu wa Marekani wanataka mtu akae mwezi mmoja tangu kidonge cha mwisho cha finasteridi, na miezi sita kwa dutasteridi. Shuleni kwenu wakija kuchangisha damu, mwalimu, hilo likumbuke.

Zipo na za kupaka zinazochanganywa na kuuzwa mtandaoni, finasteridi na minoksidili kwenye chupa moja. Mtu anadhani ya kupaka haiingii mwilini. Inaingia, na ikibaki kwenye mto au taulo anaipata na mwenzako. Minoksidili yenyewe si kizuia homoni, ni dawa iliyoanza kama ya presha, nayo ina mazungumzo yake siku nyingine.

Hivyo vidonge kumi vya kwenye droo usivikate. Vilete dirishani, au vipeleke kwa mfamasia aliye karibu nawe, vitateketezwa. Usivitupe chooni wala kwenye pipa ambalo mtu mwingine analichambua.

Kijana wa Kihonda

Shikamoo mzee, na asanteni sana ndugu zangu. Nilichelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu.

Nimeonana na daktari wa ngozi wiki iliyopita. Aliniangalia kichwa kwa kioo kidogo chenye taa, akaniita nitazame kwenye simu yake: nywele nene na nywele nyembamba zimechanganyika pamoja, zingine ni malaika kabisa kama fundi alivyosema. Mbele ni upara wa kurithi, hakuna ubishi. Ila pale panapowasha alikwangua magamba akapeleka maabara, na yamerudi ni fangasi. Nimepewa dawa ya wiki sita kwanza. Baada ya hapo ndipo tutazungumza habari ya finasteridi, na alitaka kujua kama nimewahi kuwa na msongo. Nilimwambia ukweli, mwaka wa tatu chuoni niliwahi. Akaandika, akasema basi uamuzi huu hatutauharakisha.

Mchumba wangu nilimwambia Jumapili baada ya ibada, tukiwa tumekaa nje kwao. Nilimpa simu asome mada hii yote mwenyewe. Alisoma kimya mpaka mwisho, akarudi juu kwenye ule uzi wa mama Nasra akausoma tena. Akaniuliza kitu kimoja, droo imefungwa? Tulikwenda pamoja kwa mfamasia jana kuvirudisha.

Fundi, kama daktari atakubali nianze, nitaanza mwezi wa pili, baada ya ndoa. Ile picha ya kwanza niipige lini?

Fundi Baba Nasra

Leo hii, kabla hujanyoa. Simama upande wa dirisha, mwanga uingie kutoka kushoto, simu aishike mchumba wako. Mwambie aiweke umbali wa mkono mmoja juu ya utosi na asiwashe taa ya simu, inafuta kila kitu. Andika tarehe na namba ya mashine. Na ukipita Dar kabla ya mwezi wa kumi na mbili, njoo Tandika nikupime suti. Nitakupima mwenyewe.